Kompyuta Isiyonguruma

Mtaani walimwita Sauti, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukipiga simu idara ya maji ukaambiwa usubiri, aliyekuambia ni yeye. Ukipanda lifti ya hospitali kubwa, aliyekutangazia ghorofa ni yeye. Wanafunzi waliosikiliza masomo redioni walimjua hata kabla ya kumwona, na watoto wa majirani walikuwa wakimfuata njiani wakimwigiza: "Tafadhali subiri, mhudumu wetu atazungumza nawe hivi punde!" Naye, mtu mrefu mwenye kitambi kidogo na kofia ya sufi hata jua likiwaka, aligeuka akawajibu kwa sauti ileile nzito, "Wahudumu wetu wote wana shughuli. Nendeni mkaoge." Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kazi hiyo aliifanyia nyumbani. Alikuwa na chumba cha nyuma alichokiziba kila upande: magodoro ya zamani ukutani, blanketi dirishani, zulia lililokunjwa mlangoni kuziba upenyo wa chini. Ukiingia humo ulijisikia kama umetiwa ndani ya mto wa kulalia. Katikati palikuwa na meza, kipaza sauti kilichoning'inia kwenye mkono wa chuma, na kiti kisicholia, maana vinavyolia alishavitoa vyote. Alikuwa na ugomvi na kila kitu chenye sauti isiyo yake: bomba linalodondosha, pikipiki, kuku, jirani anayepigilia misumari.

Lakini adui mkubwa aliishi humo humo nyumbani. Ilikuwa ni kompyuta yake, dude la zamani alilolinunua ofisi moja ilipokuwa inafungwa. Lilikwisha kubadilishwa viungo karibu vyote, na ubavu wake mmoja ulikuwa wazi kwa sababu likifunikwa lilipata joto na kuzimika. Feni yake ilianza na mluzi, ikapanda hadi mngurumo, na alipokuwa akiunganisha vipande vya sauti kuwa kipindi kizima lilitetemeka mpaka vikombe vikagongana kabatini. Majirani waliuliza anasaga nini. Ndipo likaitwa Kinu.

Kwa vile Kinu kisingeweza kukaa chumba kimoja na kipaza sauti, Sauti alikihamishia kwenye ujia, akakiweka juu ya kijimeza, na nyaya akazipitisha kwenye tundu alilotoboa ukutani. Upande wa pili wa ujia huo ulikuwa mlango wa chumba cha mama yake.

Mama alikuwa haoni. Presha ya macho ilimwibia nuru kidogo kidogo, jicho moja kisha la pili, mpaka siku moja akasema kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, leo hata dirisha silioni," akaendelea kumenya vitunguu. Ujana wake wote aliumalizia kiwanda cha nguo, akisimamia mashine za kufuma. Kule mashine ziliunguruma kutwa, wafanyakazi wakasemezana kwa midomo na vidole. Alikuwa akisimulia kwamba wao hawakuogopa kelele, waliogopa kimya. "Mashine zikinyamaza ghafla," alisema, "kila mtu anaangalia vidole vyake kwanza, halafu vya mwenzake."

Sauti aliisikia hadithi hiyo mara nyingi, akaicheka mara nyingi, wala hakuitia akilini.

Wawili hao waliishi vizuri. Mke wa Sauti alikwisha kwenda zake miaka mingi nyuma, na hawakujaliwa mtoto. Dada yake mkubwa, mshonaji, alikaa mtaa wa mbali kidogo na familia yake. Nyumbani walikuwa wao tu, mtu na mama yake, na Kinu katikati yao. Asubuhi Sauti alikiwasha, mama akasikia akacheka peke yake: "Haya, kinu kimeanza kusaga." Alikuwa akikaa kitandani, mlango wake wazi, kisanduku cha redio pajani, mara nyingi kimezimwa. Kinu kikinguruma sana alijua mtoto wake anamaliza kazi, basi akainuka, akapapasa ukuta hadi jikoni, akatia chai kikombeni. Kikizimwa alijua anatoka au anapumzika. Hakuwa akimwita hovyo. Hakuwa na haja. Haya yote Sauti alikuja kuyaelewa baadaye, yakiwa hayana msaada tena. Wakati ule aliona tu kwamba chai humjia kwa wakati wake, akadhani ni bahati yake ya kuwa na mama mwenye akili.

Kilichobadili mambo ni simu ya mhariri wa redio, mwanamke mwenye maneno machache na masikio ya popo.

"Kaka Sauti," alisema, "kazi nzuri. Ila nyuma yako kuna mvumo."

"Mvumo gani tena? Nimeusafisha."

"Umeusafisha mpaka na sauti yako umeikwangua. Unasikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Sikiliza, mwakani tunatangaza masomo ya darasa zima, mwanzo hadi mwisho, na jina lililo mezani ni lako. Lakini wakubwa hawataki mvumo. Tengeneza hiyo hali, sawa?"

Kazi ya namna hiyo hakuwahi kuipata. Alikata simu akabaki anakitazama Kinu kwa jicho baya.

Wiki hiyo hiyo akamwita fundi. Huyu waliyemwita Bisibisi alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za kijivu, mcheshi, aliyezoea kuongea na mashine kana kwamba ni wagonjwa wake. Alikiinamia Kinu, akakipuliza vumbi, akapiga chafya hadi machozi yakamtoka.

"Pole sana, bibi," alikiambia. Kisha akamgeukia Sauti. "Huyu tunaweza kumbadilishia feni, lakini atanguruma tu. Ni tabia yake. Unachotaka wewe ni kitu kisicho na feni kabisa. Hakuna kinachozunguka ndani. Ukikiwasha utadhani kimekufa."

"Hicho hicho," alisema Sauti. "Nataka kitu kilichokufa."

Bisibisi akacheka, akaondoka, akarudi nacho: kiboksi cheusi kidogo kama kopo la biskuti. Alikaa nacho asubuhi nzima akihamisha mafaili. Ilipofika wakati wa kukichomoa Kinu, mama alitoka chumbani kwake, akasimama mlangoni ameshika kizingiti.

"Na hicho mnakipeleka wapi?"

"Kinastaafu, mama," Sauti alisema. "Kama wewe."

Mama alinyoosha mkono akaupapasa ubavu wa Kinu uliokuwa wazi. "Bado kina joto," alisema. Kisha akasema, kwa namna ya mtu anayeomba jambo dogo ambalo haoni sababu ya kunyimwa, "Si mkiache tu hapo? Kwani kinakula?"

"Mama, kinaziba njia. Utajikwaa bure."

"Sijawahi kujikwaa. Ndicho ninachokishika nikipita."

"Sasa utashika ukuta. Fundi, kichukue, utoe vipuri vyako."

Mama hakubishana. Aliutoa mkono wake, akaufuta kwenye kanga, akarudi kitandani. Bisibisi alisitasita kidogo, akamwangalia mwenye nyumba, kisha akakibeba Kinu kifuani kama anayebeba mtoto aliyelala, akatoka nacho.

Kimya kilichofuata kilimlevya Sauti. Aliingia chumbani mwake, akavaa spika za masikioni, akajisikia akipumua, akasikia hata midomo yake ikiachana kabla ya neno. Alirekodi ukurasa mmoja, akausikiliza, akapiga meza kwa furaha. Hakukuwa na mvumo. Mhariri alimpigia mwenyewe: "Sasa huyu ndiye." Masomo ya mwaka mzima yakawa yake.

Siku iliyofuata, katikati ya sentensi, mlango ulisukumwa kidogo.

"Upo?"

"Nipo, mama. Narekodi."

"Haya, baba."

Alianza upya. Hajamaliza hata aya, akasikia tena, safari hii kutoka ujiani. "Upo?"

"Nipo!"

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mama aliuliza asubuhi, aliuliza mchana, wakati mwingine aliuliza na kujibiwa na hapo hapo akauliza tena kwa kuwa hakusikia jibu lililomezwa na magodoro. Chai nayo ikaanza kuja ovyo. Mara imepoa, mara ameileta wakati Sauti yumo katikati ya maneno, mara haikuja. Sauti alidhani uzee umeanza kumchezea mama yake akili. Alimweleza dada yake kwa simu, "Mama sasa anauliza jambo moja kutwa nzima, nadhani anaanza kusahau." Dada akasikitika, akasema ni umri.

Kisha ikaja siku ya somo gumu, lenye majina marefu ya mimea, ambalo lilimtoa jasho. Alikuwa amelifikisha karibu na mwisho bila kukosea hata herufi moja. Mlango ukasukumwa.

"Mwanangu, upo?"

Alizivua zile spika akazitupa mezani. "Mama! Nipo, nipo, nipo! Niende wapi? Nikinyamaza ujue niko kazini. Unaniharibia kazi, mama. Usiniite-ite kama mtoto mdogo."

Mama alisimama pale, uso umeelekea mahali ambapo Sauti hakuwapo, kidogo kando ya kiti. "Nisamehe, baba," alisema. "Sitakuita tena."

Na kweli hakumwita tena. Sauti aliona aibu jioni ile, akamnunulia chungwa, akammenyea, wakala pamoja wakaongea mambo mengine. Alijisemea kwamba yamekwisha. Na kama nafsi yake ilimnong'oneza neno, kazi iliifunika sauti yake, kwa maana siku zile alirekodi kama aliyepagawa, somo juu ya somo, safi kama maji ya kisima.

Mchana mmoja alikuwa akisoma somo la mvua: jinsi mvuke unavyopanda, unavyopoa, unavyorudi. Lilimwendea vizuri mno. Katikati yake alisikia masikioni kishindo hafifu, kitu kama mlango wa jirani. Alinyamaza, akasubiri kidogo, akarudia sentensi ile na kuendelea. Alipomaliza alikikata kile kishindo, akaunganisha pande mbili, akasikiliza. Hungejua kama kulikuwa na kitu. Alijinyoosha, akajipongeza, akatoka kwenda kutafuta chai.

Mama alikuwa ameketi sakafuni jikoni, mgongo umeegemea kabati, miguu imenyooshwa mbele. Birika lilikuwa limelala ubavu na maji yamesambaa. Kwa bahati yalikuwa bado hayajachemka. Mkono wake wa kulia ulikuwa pajani, na kifundo kimevimba na kupinda vibaya.

"Mama!" Alipiga magoti katika maji. "Umeanguka lini? Kwa nini hukuniita?"

"Nilidhani umetoka," alisema mama. Midomo ilikuwa ikimtetemeka kwa maumivu, ila sauti aliituliza. "Nyumba ilikuwa kimya. Nikasema nikae tu, utarudi. Halafu nikafikiri, labda yupo, labda anasoma. Nikiita nitamharibia."

Sauti alimbeba mama yake, akamwona mwepesi kuliko alivyodhani, akatoka naye barabarani akipiga kelele za kuomba gari.

Hospitalini, wakiwa kwenye lifti kwenda kupiga picha ya mkono, sauti yake mwenyewe ilitangaza kutoka darini, nzito na yenye adabu, kwamba wamefika ghorofa ya pili. Mama, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, alitabasamu. "Hapo upo," alisema. Hakuwa na nia ya kumchoma, lakini maneno hayo yalimpenya hadi kwenye mfupa.

Daktari alisema mkono utafungwa plasta na utapona, ingawa kwa umri ule huenda usinyooke sawasawa. Dada alifika mbio akiwa bado na futi ya kupimia shingoni. Alimsikiliza mdogo wake mwanzo hadi mwisho. Hakumfokea. Alimwuliza tu swali moja.

"Ile mashine yako ya kelele ilikuwa imekaa wapi?"

"Ujiani."

"Mbele ya mlango wake?"

"Mbele ya mlango wake."

"Na umeitoa lini?"

Akamwambia. Dada akaitazama sakafu, akaizungusha ile futi kidoleni. "Mdogo wangu," alisema, "mama hajaanza kusahau. Alikuwa anakusikiliza kwenye kile kinu. Kila nilipokuja kumwona alikuwa ananiambia: sasa hivi anasoma, sasa hivi anaunganisha, sasa hivi amechoka, kinu kimeshuka. Mimi nilidhani unajua."

Walikubaliana mama akae kwa dada mpaka mkono upone. Sauti alimfungia nguo zake mwenyewe. Ujiani mama alinyoosha mkono ulio mzima pale palipokuwa na kijimeza, akakosa cha kushika, akamshika mtoto wake bega.

Kesho yake asubuhi Sauti alikuwa wa kwanza kwenye kibanda cha Bisibisi.

"Fundi, nakitaka Kinu."

Bisibisi aliacha alichokuwa akikifanya. "Kinu kipi? Kile cha kwako? Bwana we, kile nilishakichinja." Alionyesha kwa kidole: bodi ilikuwa imetupwa kwenye ndoo na nyingine, na lile boksi la chuma lilikuwa limegeuzwa kuwa rafu ya kuwekea nyaya. Feni ilikuwa imekwenda ndani ya kompyuta ya mtu mwingine, hakumbuki nani. "Kwani kuna faili halikuhama?"

"Hapana. Nilitaka kelele zake."

Fundi alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha. Sauti akamsimulia. Bisibisi alisikiliza huku akizungusha bisibisi yake mkononi, kisha akaingia nyuma, akapekua, akatoka na feni kubwa iliyojaa vumbi. Aliiunganisha, ikavuma. Sauti akasikiliza kwa makini kama anavyosikiliza kazi yake, kichwa kimeinama.

"Inafanana?" fundi aliuliza.

"Hapana."

"Chukua tu. Labda ataizoea."

Aliichukua. Akaifunga juu ya kijimeza kilekile, akakirudisha ujiani, akaiacha ivume ndani ya nyumba ambamo hamkuwa na wa kuisikiliza. Mhariri alipiga simu baada ya siku chache: "Kaka, mvumo umerudi." Akamjibu kwamba anajua. Alipozidi kubanwa aliizima wakati wa kurekodi, akaiwasha tena akimaliza.

Plasta ilipokatwa alikwenda kumchukua mama yake. Nyumba ya dada ilikuwa na cherehani tatu sebuleni, mbili za dada na wasaidizi wake na moja ya kudarizi, zote zikikimbia kwa pamoja; juu yake redio, watoto, wateja wanaobishania mikono ya magauni. Mama alikuwa ameketi katikati ya vurugu hiyo yote, bakuli la vifungo pajani. Alikuwa akivichambua kwa vidole vya mkono wa kushoto, vyenye matundu mawili huku, vya matundu manne kule. Mkono wa kulia ulikuwa umepona ukiwa umepinda kidogo kuelekea nje.

Sauti alikaa karibu naye kwenye kigoda. "Mama, nimekuja kukuchukua. Nimeweka mashine nyingine pale mlangoni kwako. Inanguruma. Utanisikia."

Mama aliendelea kuchambua vifungo. "Umenitafutia kelele?" aliuliza, na uso ukamchangamka.

"Nimekutafutia."

"Ahsante, baba. Umefanya vizuri." Akashika kifungo kimoja, akakizungusha, akakiweka mahali pake. "Lakini hebu niache kwanza huku. Hapa cherehani ikisimama najua uzi umekatika, ikiendelea najua mwenzangu mzima. Kwako nilikuwa nakaa nikijiuliza kama umekufa au umetoka. Nilichoka, mwanangu. Sikukasirika. Nilichoka tu."

"Nilikufokea."

"Ulinifokea," alikubali. "Na mimi nilikuwa nakusumbua. Yaliisha siku ile ya chungwa."

Kwa Sauti hayakuisha. Alitamani amfokee, amwambie mtoto asiye na haya, apate pa kupigia magoti. Alipewa chai badala yake.

Masomo yalianza kutangazwa mwanzo wa mwaka. Yalisifiwa, walimu waliandika kushukuru, na kazi nyingine zikafuata. Asubuhi moja akiwa kwa dada, redio ilianza somo la mvua. Sauti aliinuka ili aizime, lakini mama aliinua mkono ule uliopinda kumzuia. Wasaidizi wakapunguza mwendo wa cherehani. Mvuke ulipanda, ukapoa, na yeye akajua mahali hasa ambapo kishindo kilikuwa, akausikia ule muungano usiosikika na mtu mwingine yeyote.

"Hapo ulisoma vizuri," mama alisema. "Hukuwa na haraka."

Hakumwambia ilikuwa siku gani. Mara kadhaa baadaye alijiandaa kumwambia, hata njiani akayapanga maneno, na kila mara alipofika aliona vifungo vile pajani akayameza.

Mwisho wa mwaka dada alipiga simu. Kitanda anacholalia mama kwake ni cha watoto, kifupi, na mgongo unamsumbua. Je, angeweza kukipeleka kile cha kwao? Sauti alisema angeweza. Alikifungua mwenyewe, mbao moja moja, akaviweka vifungio kwenye mfuko wa plastiki ili kisipotee hata kimoja, akakodi mkokoteni akaufuata kwa miguu mpaka kule. Wakakifunga pamoja, yeye na dada, katika chumba kilichopakana na sebule ya cherehani. Mama aliingia akipapasa, akafika kwenye mbao za kichwani, akazitambua, akakaa, akarukaruka kidogo kama msichana anayejaribu kitanda dukani.

"Sasa nimehama kweli," alisema, na akaomba mlango uachwe wazi.